Kutabiri Nguvu ya Zege kwa Ujifunzaji wa Mashine, na Namna ya Kuzuia Mtihani Usivuje

Zege likimwagwa leo, jibu la kuaminika kuhusu nguvu yake hupatikana baada ya siku 28. Fundi wa maabara huchota sampuli kabla zege halijaanza kuganda, huishindilia ndani ya kalibu za chuma zenye upande wa milimita 150, huzifungua kesho yake, huitumbukiza michemraba ndani ya maji, na siku ya 28 huweka mmoja mmoja kwenye mashine ya kuponda mpaka uvunjike. Mchemraba uliovunjika kwa mzigo wa kilonewtoni 562.5 ulibeba mzigo huo juu ya uso wa milimita za mraba 22,500, kwa hiyo nguvu yake ni newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba, yaani megapaskali 25, ambazo kwa kifupi huandikwa MPa 25. Lakini ujenzi hausimami kungoja siku hiyo. Nguzo iliyomwagwa kwa zege hilo mara nyingi imekwisha kubebeshwa slabu ya ghorofa inayofuata, na majibu mabaya yakija wakati huo humkuta mhandisi hana njia nyepesi ya kurekebisha.

Ujifunzaji wa mashine, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kanuni kutokana na mifano ya data, unaweza kutoa makadirio mapema, hata kabla maji hayajagusa saruji, kwa kuangalia viungo vya mchanganyiko na umri ambao zege litapimwa. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Nimechagua zege kwa sababu kila kiungo chake kinajulikana kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye eneo la ujenzi, ingawa njia yenyewe ni ile ile inayotumika kutabiri ugumu wa aloi au upitishaji joto wa kauri. Kuifundisha modeli, yaani programu inayojifunza na kutabiri, ni kazi ya sekunde chache. Kazi inayohitaji akili na uaminifu ni kuitungia mtihani wa haki, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Data ya kuanzia

Kompyuta ya kawaida inatosha, mradi iwe na lugha ya Python pamoja na maktaba za pandas na scikit-learn. Data ya kujifunzia ipo bure katika hazina ya data ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Ni jedwali la vipimo vya zege alilolikusanya I-Cheng Yeh wa Chuo Kikuu cha Chung-Hua nchini Taiwan, ambaye mwaka 1998 alichapisha utafiti wa kutabiri nguvu ya zege kwa mtandao wa neva bandia. Jedwali lina mistari 1,030, na kila mstari ni kipimo kimoja. Safu saba za kwanza ni viungo, vyote vikiwa vimeandikwa kwa kilo ndani ya mita moja ya ujazo ya zege: saruji, unga wa mavi ya chuma, yaani masalia ya tanuri la kuyeyushia chuma yaliyopozwa na kusagwa, majivu ya makaa ya mawe, maji, dawa ya kulainisha zege, kokoto, na mchanga. Safu ya nane ni umri wa zege kwa siku, kuanzia 1 hadi 365, na ya tisa ni nguvu iliyopimwa, ambayo inaanzia MPa 2.33 na kuishia MPa 82.6.

Kabla ya kuandika amri yoyote ya kufundisha modeli, fungua jedwali hilo ulisome kwa macho. Mstari wa kwanza unasema saruji kilo 540, maji 162, dawa ya kulainisha 2.5, kokoto 1,040, mchanga 676, bila mavi ya chuma wala majivu, umri siku 28, nguvu MPa 79.99. Mstari wa pili unafanana nao katika kila kitu isipokuwa kokoto, ambazo sasa ni kilo 1,055, lakini nguvu yake ni MPa 61.89. Hakuna mhandisi atakayeamini kwamba kilo 15 za kokoto, ndani ya kilo zaidi ya elfu moja, ndizo zilizoondoa MPa 18. Kilichoitenganisha mistari hiyo miwili kimo nje ya jedwali: huenda ni aina ya saruji, ubora wa jiwe lililopondwa, namna zege lilivyoshindiliwa, au mashine iliyotumika kuponda. Modeli haiwezi kujua kisichoandikwa. Ukiishika mistari hiyo miwili akilini, hutashawishika na mtu yeyote atakayedai kwamba modeli yake inakosea kwa MPa 1 tu.

Usafishaji wa jedwali hili ni mwepesi. Mistari 25 imejirudia kama ilivyo, na amri ya drop_duplicates itaiondoa na kukuachia mistari 1,005. Sifuri katika safu za mavi ya chuma, majivu na dawa ya kulainisha maana yake ni kwamba kiungo hicho hakikutiwa kabisa. Usizichukulie kuwa ni nafasi tupu zilizokosa kujazwa, wala usizijaze kwa wastani.

Kuiambia modeli kile ambacho wahandisi wanakijua

Modeli inaweza kuachwa ijitafutie kila kitu katika safu nane, lakini data ikiwa ni mistari elfu moja tu, ni busara kuisaidia kwa maarifa yaliyokwisha kupatikana. La kwanza ni uwiano wa maji kwa saruji. Mwaka 1918, huko Chicago, Duff Abrams alionyesha kwamba kwa viungo vya aina moja, na zege likishindilika vizuri, nguvu hushuka kadiri uwiano huo unavyopanda. Sababu yake inaeleweka: saruji inahitaji maji kiasi cha takriban robo ya uzito wake ili kukamilisha mmenyuko wa kikemikali, na maji yaliyozidi, ambayo tunayaongeza ili zege limwagike kwa urahisi, huacha vitundu vidogo vidogo ndani ya zege yanapoondoka. Kwa kuwa mavi ya chuma na majivu nayo hushiriki katika kugandisha zege, gawanya maji kwa jumla ya vyote vitatu. Mstari wa kwanza utakupa 162 kwa 540, sawa na 0.30. Mstari wa tatu, wenye saruji kilo 332.5, mavi ya chuma 142.5 na maji 228, utakupa 0.48. Weka uwiano huu kama safu mpya.

Maarifa ya pili ni kwamba zege hupata nguvu kwa kasi siku za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Tofauti kati ya siku ya 1 na siku ya 7 ni kubwa mno. Tofauti kati ya siku ya 270 na ya 365 kwa mchanganyiko wa mstari wa tatu, kama tutakavyoona, haifiki hata MPa 1. Kwa hiyo badala ya umri wenyewe tumia logi ya umri, hasa kwa modeli za mstari ulionyooka, ambazo zisipopewa msaada huo hudhani kwamba kila siku ina uzito sawa.

Kugawanya data bila kuvujisha mtihani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na huharibika kimya kimya, kwa sababu kosa lenyewe huyafanya matokeo yaonekane mazuri.

Desturi ni kugawanya mistari kwa bahati nasibu, asilimia 80 ya kufundishia na asilimia 20 ya kupimia. Sasa angalia mstari wa tatu na wa nne wa jedwali letu. Yote miwili ni mchanganyiko ule ule, kilo kwa kilo, katika viungo vyote saba. Tofauti ni kwamba mmoja ulipondwa siku ya 270 ukatoa MPa 40.27, na mwingine siku ya 365 ukatoa MPa 41.05. Bahati nasibu ikiuweka wa kwanza upande wa mafunzo na wa pili upande wa mtihani, modeli haitahitaji kuelewa chochote kuhusu zege. Itatambua viungo ilivyokwisha kuviona, itarudia jibu la karibu, na itapata alama za juu. Huo ni mtihani uliovuja. Mwanafunzi aliyeliona swali jana usiku hajapimwa elimu yake, na alama zake hazitamsaidia siku atakapokutana na swali jipya.

Jedwali hili limejaa ndugu wa namna hiyo, kwa kuwa desturi ya maabara yoyote ni kumwaga mchanganyiko mmoja na kuuponda siku ya 3, ya 7, ya 28, ya 90 na kuendelea. Mimi mwenyewe nilipoanza niligawanya kwa bahati nasibu, nikapata kosa dogo, nikaliandika kwenye ripoti kwa imani kamili. Tulipoijaribu modeli ile kwa mchanganyiko mpya wa eneo la kazi, ilikosea kwa zaidi ya mara mbili ya kile nilichokuwa nimekiahidi, na mhandisi aliyenitegemea alikuwa na haki ya kuniuliza maswali magumu.

Tiba yake si ngumu. Unda kitambulisho cha mchanganyiko kwa kukusanya mistari yote yenye kiasi sawa cha viungo saba, ukiacha umri nje. Katika pandas, groupby ikifuatwa na ngroup inaifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja wa msimbo. Kisha tumia GroupKFold ya scikit-learn, ambayo huigawa data mara tano na kuhakikisha kwamba ndugu wote wa mchanganyiko mmoja wanakaa upande mmoja, ama wa mafunzo au wa mtihani. Modeli hufundishwa mara tano, kila mara ikipimwa kwa michanganyiko ambayo haijawahi kuiona. Kosa litapanda ukilinganisha na mgawanyo wa bahati nasibu. Usilihuzunikie ongezeko hilo, kwa maana kosa hilo kubwa zaidi ndilo lililokuwepo tangu mwanzo.

Ukiwa na data yako mwenyewe, nenda mbali zaidi. Michanganyiko miwili ya mradi mmoja hutumia mchanga wa mto mmoja na kokoto za machimbo mamoja, kwa hiyo hufanana hata kama kilo zake zinatofautiana. Tenga mradi mzima kwa ajili ya mtihani, au fundisha kwa miezi iliyotangulia na upime kwa miezi iliyofuata, kwa kuwa hivyo ndivyo modeli itakavyotumika kweli: data ya zamani ikitabiri zege ambalo bado halijamwagwa. Na kama unasawazisha vipimo vya safu kabla ya kufundisha, wastani wa kusawazishia utoke kwenye data ya mafunzo pekee. Pipeline ya scikit-learn imeundwa kulinda jambo hilo.

Kuchagua modeli

Anza na modeli isiyojua lolote, yaani ile inayojibu wastani wa nguvu zote kila inapoulizwa. Kosa lake, likipimwa kwa mzizi wa wastani wa miraba ya makosa, ni karibu MPa 16.7, ambao ndio mtawanyiko wa data yenyewe, yaani kiasi cha kawaida ambacho vipimo hutofautiana na wastani wake. Modeli yoyote isiyoishinda hiyo itupwe. Inayofuata ni modeli ya mstari ulionyooka, ambayo kwa safu nane za asili hukosea kwa takriban MPa 10. Halafu jaribu msitu wa miti ya maamuzi, ambao hujenga mamia ya miti na kuchukua wastani wa majibu yake, na modeli ya miti inayojengwa kwa zamu, ambapo kila mti hurekebisha makosa ya ile iliyotangulia. Katika scikit-learn hizi ni RandomForestRegressor na HistGradientBoostingRegressor. Kwa mgawanyo wa bahati nasibu, modeli za namna hii hutangazwa kuwa na kosa la takriban MPa 5 kwenye jedwali hili. Sasa unajua kwa nini namba hiyo inapaswa kusomwa kwa tahadhari. Mtandao wa neva nao unawezekana, na ndio aliotumia Yeh, lakini kwa mistari elfu moja miti ni rahisi zaidi kuitunza na mara nyingi haishindwi.

Matokeo yaripotiwe kwa MPa. Wengi hupenda kutaja R², yaani sehemu ya tofauti za data ambayo modeli inaieleza, 1 ikiwa ni ukamilifu, na kufurahia 0.9, lakini kipimo hicho hunenepeshwa na upana wa data: jedwali lenye zege la siku moja na zege la mwaka mzima linampa sifa hata yule anayejua tu kwamba zege la zamani lina nguvu kuliko jipya. Mhandisi anataka kujua kosa katika siku ya 28. Kwa hiyo, baada ya kupata makadirio ya mtihani, chuja mistari ya siku 28 pekee, ambayo jedwali hili linayo zaidi ya 400, na uhesabu kosa lake kando.

Kuihoji modeli kabla ya kuiamini

Chukua mchanganyiko mmoja wa kawaida, ongeza maji kidogo kidogo huku viungo vingine vikibaki vilevile, na uangalie makadirio yanakwenda wapi. Yakipanda, modeli imejifunza jambo la uongo hata kama kosa lake ni dogo. Fanya hivyo hivyo kwa umri. HistGradientBoostingRegressor inakuruhusu kuweka sharti la mwelekeo kupitia monotonic_cst, ili nguvu isishuke umri unapoongezeka wala isipande uwiano wa maji unapokua, na mimi hupendelea kuliweka sharti hilo hata likiongeza kosa kidogo.

Uwe makini unapouliza ni kiungo gani chenye umuhimu zaidi. Katika jedwali hili, maji na dawa ya kulainisha huenda kinyume, kwa uhusiano wa karibu -0.66, kwa sababu dawa hiyo hutiwa ndipo maji yapunguzwe bila zege kuwa gumu kumwagika. Vitu viwili vinavyotembea pamoja hugawana sifa, na modeli inaweza kumpa mmoja sifa ya mwenzake. Usimwambie mteja kwamba dawa huongeza nguvu kwa kiasi fulani kwa sababu tu mchoro wa modeli umesema hivyo.

Kumbuka pia kwamba msitu wa miti hauwezi kutabiri nje ya ulichokiona. Jibu lake ni wastani wa nguvu zilizomo kwenye data ya mafunzo, kwa hiyo hautatoa kamwe zaidi ya MPa 82.6, hata ukiupelekea mchanganyiko wa zege la MPa 100. Hautaonya, utajibu tu. Andika msimbo mfupi unaokagua kama kila kiungo kimo ndani ya mipaka ya data, kwa mfano saruji kati ya kilo 102 na 540, na ukatae kutoa jibu kisipokuwemo.

Kuileta kazi nyumbani

Modeli iliyofundishwa kwa jedwali la Taiwan haifai kutumiwa moja kwa moja Dodoma au Kisumu. Jedwali lile halina safu ya daraja la saruji, yaani namba inayoonyesha nguvu ya saruji yenyewe kwa MPa, ilhali kwenye maduka yetu kuna saruji ya 32.5 na ya 42.5, na saruji nyingi ya Kenya huchanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, ambayo hayamo kabisa katika safu zile saba. Itumie kujifunzia njia, kisha kusanya data yako.

Ukikusanya, pima kwa kilo. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne unaopimwa kwa karai au ndoo hauwezi kuingia kwenye jedwali mpaka ubadilishwe kuwa uzito, na saruji yenyewe ndiyo rahisi, kwa kuwa mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Mchanga ndio wenye hila. Mchanga wenye uzito mkavu wa kilo 700 ukiwa na unyevu wa asilimia 5 umebeba kilo 35 za maji ambazo hakuna aliyezimimina. Kama maji yaliyopangwa ni kilo 180, basi karibu moja ya tano yake imeingia kwa mlango wa nyuma, na jedwali litamdanganya yeyote atakayelisoma. Kausha sampuli ya mchanga kila asubuhi, ipime kabla na baada, na uandike unyevu huo. Andika pia daraja la saruji, asili ya kokoto na mchanga, joto la hewa, na kama kilichopondwa ni mchemraba au mcheduara, kwa sababu zege lile lile hutoa namba kubwa zaidi kwenye mchemraba; ndiyo maana viwango vya Ulaya huandika C25/30, namba ya kwanza ikiwa ya mcheduara na ya pili ya mchemraba. Maabara mbili zikichanganya data bila kuulizana hilo, modeli itajifunza tofauti ya kalibu ikidhani ni tofauti ya zege.

Kulitumia jibu

Modeli inatabiri nguvu ya wastani, ilhali ramani ya mhandisi hudai nguvu ambayo ni asilimia 5 tu ya vipimo vinavyoruhusiwa kuwa chini yake. Pengo hilo huzibwa kwa kuongeza mara 1.64 ya mtawanyiko. Tuseme ramani inadai MPa 25, na mtihani wako wa haki umeonyesha kwamba makosa ya modeli katika siku ya 28 yana mtawanyiko wa MPa 6. Mara 1.64 ya 6 ni karibu 9.8, hivyo mchanganyiko utakaouchagua unapaswa kutabiriwa kufikia takriban MPa 35. Mtu aliyeridhika na kosa la mtihani uliovuja, tuseme MPa 3, angelenga MPa 30 tu, na kiasi cha michemraba iliyoanguka chini ya 25 kingemshangaza.

Kalibu zijazwe kama kawaida hata baada ya modeli kuanza kutumika, na kila mchemraba uandikwe namba ya mchanganyiko wake kwa rangi isiyofutika na maji. Majibu ya siku ya 7 yakitoka, yaingizwe kwenye jedwali jioni hiyo hiyo, kando ya kile modeli ilichotabiri kabla zege halijamwagwa. Michanganyiko kadhaa mfululizo ikianguka upande mmoja wa makadirio, nenda kwanza kwenye lundo la mchanga na stoo ya saruji kabla hujagusa msimbo, kwa kuwa mara nyingi kilichobadilika kipo pale.